Siku moja maishani mwangu: dereva wa Jumamosi kwenye nyasi za Kansas

Saa 11 alfajiri. Wichita bado imelala, na mimi niko nje na tochi nikipima upepo wa matairi. Siku za wiki nipo kiwandani kama Wakongo wenzangu wengi wa mji huu, lakini Jumamosi ni ya gari: nawapeleka watu kutembea kwenye vilima vya nyasi vya Flint Hills. Leo nina abiria 11: familia tatu za kanisani na bibi mmoja aliyefika Marekani mwaka jana. Kazi inayochosha kuliko kuendesha ni kufunga viti vya watoto. Sheria ya Kansas haina mzaha kwa mtoto wa chini ya miaka minne, na mikanda ya viti hivyo utadhani ilibuniwa na mtu asiye na vidole.

Saa 1 asubuhi tunaondoka. Nimeshawaambia wamalize haja zao kabisa. Kwenye kimji cha Cassoday tutaacha barabara kuu na kushika ile ndogo ya 177, na huko usitegemee duka kila kona.

Jua linachomoza tukiwa njiani. Hapo ndipo ninapoanza kusikia ninachokisikia kila Jumamosi. "Papa Neema, tumelipa pesa kuja kutazama nyasi?" Sijibu. Vilima vimelala kimoja nyuma ya kingine, hakuna mti ila kwenye vijito, na mwishoni mwa Septemba nyasi zina rangi ya shaba. Ukizitazama kupitia dirishani utasinzia. Dawa yake ni kushuka.

Saa 2 na nusu tunasimama kidogo Cottonwood Falls, watoto wanyooshe miguu mbele ya mahakama ya mawe ya chokaa iliyojengwa 1873. Ina mnara wa saa, na kesi bado zinasikilizwa humo. Huo mwaka 1873 nawaambia waushike, tutauhitaji mchana.

Saa 3 tunaingia hifadhi ya Tallgrass Prairie, kaskazini kidogo ya Strong City. Kiingilio hakuna, na kwa familia yenye watoto watano hilo si jambo dogo. Napulizia kila mguu dawa ya kupe na utitiri, soksi juu ya suruali, ndipo tunatembea.

Hapa ndipo ninapofungua mdomo. Nyasi ndefu za namna hii zamani zilifunika eneo kubwa katikati ya Marekani, na sasa hazijabaki hata asilimia 4. Kwingine kote udongo wake mzuri ulilimwa ukawa mahindi na soya. Huku chini kumejaa chokaa na gumegume, yale mawe magumu, jembe likishuka linagonga mwamba. Jina lenyewe, Flint Hills, maana yake ni vilima vya gumegume. Wenye ardhi wakaamua kufuga ng'ombe, na nyasi zikapona.

Bibi hanisikilizi. Ameshika bua refu kuliko yeye, analipinda, analinusa. "Hizi zinaezeka nyumba," anasema. Kisha ananiuliza kama huku nako wanachoma moto. Nikashangaa, maana abiria wangu hawaulizagi hilo. Ndiyo bibi, kila masika wenye ranchi wanachoma, na Wahindi Wekundu walichoma kabla yao. Usipochoma, miti inaingia. Mizizi iko mita mbili, tatu chini, moto hauiwezi. "Sasa mbona mnasema ni nchi ya ajabu?" ananiuliza. "Ni kama kwetu Fizi, Kongo."

Watoto wanataka mbogo. Hapa anaitwa baisani, ana nundu na manyoya kifuani, na dume linaweza kufika kilo 900. Walikuwa wameisha kabisa eneo hili. Mwaka 2009 waliletwa 13 kutoka Wind Cave, South Dakota, na kundi likakua. Leo tunawaona kwa mbali, madoa meusi mlimani, na ndivyo ninavyopenda. Baba mmoja anataka kusogea apige picha. Namvuta shati: kaa mita 90, baba, na yule anakimbia kuliko wewe.

Saa 6 mchana tunakula nje: kuku, ugali uliopoa, sombe (majani ya muhogo) kwenye makopo. Kisha watoto wanapanda na kushuka ghala la mawe la ghorofa tatu, karibu na nyumba ambayo tajiri wa ng'ombe Stephen F. Jones aliijenga 1881. Ile shule ya chumba kimoja iliyo kilimani nawaonyesha tu. Mimi nilisoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, darasa lililofurika haliniduwazi.

Saa 9 tuko nje ya mji wa Council Grove, kwenye bustani ya Allegawaho. Hapa sitanii na mtu. Wakanza, kabila la Wahindi Wekundu ambalo jimbo limechukua jina lake, walikuwa wametengewa ardhi yao eneo hili. Mwaka 1873, mwaka wa ile mahakama, walihamishwa kwenda Oklahoma. Ardhi hii waliinunua tena wenyewe, kwa pesa yao. Lipo jiwe jekundu la tani zaidi ya 20, takatifu kwao. Mwaka 1929 watu wa mji wa Lawrence walilichukua wakalibandikia bamba la kuwasifu walowezi. Lilirudishwa kwa wenyewe, na 2024 likaletwa hapa.

Kijana wa miaka tisa anauliza kama anaweza kulipanda. Kabla sijafungua kinywa, bibi amemshika mkono. Anauliza, walihamishwa wakiwa wangapi, walibeba nini? Mama mmoja anasema labda masufuria. Wanabaki wamesimama pale, wanazungumza Kibembe kwa sauti ya chini, na mimi nikarudi kwenye gari. Saa yangu ya kuondoka ikapita kwa dakika 40, sikupiga honi.

Saa 1 usiku nimeshusha wa mwisho. Nafagia gari: mbegu za nyasi, mfupa wa kuku, kiatu kimoja cha mtoto. Nyumbani Mama Neema ananisimamisha mlangoni na taa ya simu, nivue soksi hapo hapo. Kupe wawili.