Jezi za klabu ya baiskeli: kagua haya kabla hujalipa kiwanda

Nembo ya mdhamini iliyokatwa katikati na zipu, jezi inayobana kifua na kulegea kiunoni, njano iliyotoka kama haradali, kaptura inayoonyesha ngozi mtu akiinama. Kasoro hizi nyingi zinatokana na jambo moja: klabu iliidhinisha picha ya jezi iliyokwisha kushonwa, ikaipenda, ikalipa. Kiwanda hakichapi jezi iliyoshonwa. Kinachapa vipande bapa, kimoja kimoja, kisha kinakata na kuunganisha. Atakayeweza kuiona jezi yake ikiwa vipande atakuwa ameepuka zaidi ya nusu ya matatizo.

Jezi ya kawaida ya mikono mifupi ina vipande viwili vya mbele vinavyotenganishwa na zipu, kipande cha mgongo, mikono miwili, kola, na kitambaa cha mifuko mitatu kinachoshonewa chini ya mgongo. Miundo mingi huongeza vipande vya ubavuni, mara nyingi vya kitambaa cha nyavunyavu. Mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, karatasi ikalazwa juu ya poliesta nyeupe, vyote vikapitishwa kwenye mashine ya joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi kwa muda usiofika dakika moja au unaozidi hapo kidogo. Wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta. Ndiyo maana rangi hiyo haibanduki wala haipasuki, na jasho linapita kama kawaida. Hii ndiyo sablimesheni. Ukitaka jezi ya kuendeshea baiskeli, usikubali njia nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu mafundi wengi wa jezi za mpira, Kariakoo na kwingineko, hubandika majina na namba za plastiki kwa pasi ya joto juu ya jezi iliyo tayari. Kwa mpira inatosha. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti saa nne juani, plastiki hiyo huziba kitambaa mgongoni na kifuani, na baada ya kufuliwa mara kadhaa huanza kupasuka pale jezi inapovutika. Mafundi wenye mashine za sablimesheni wapo pia hapa kwetu, na kufanya kazi na mtu unayeweza kumfuata dukani ni faida kubwa. Ila mwambie akuonyeshe jezi ya baiskeli aliyokwisha kushona. Tazama mambo matatu. Mgongo uwe mrefu kuliko mbele, maana mwendeshaji anainama. Mishono iwe ya ovaloki au ya mashine inayolaza mshono, kwa kuwa uzi wa cherehani ya kawaida hukatika kitambaa kikivutika. Kisha jaza maji chupa ya nusu lita, itie mfuko wa kati, vaa jezi, rukaruka papo hapo. Mfuko ukining'inia hadi kwenye makalio, kitambaa ni chepesi mno au mdomo wa mfuko hauna lastiki. Pembe za mdomo huo nazo ziwe zimepigwa mshono mzito wa kukaza, kwa sababu ndipo mfuko unapoanza kuchanika.

Sasa vipimo, ambako hela nyingi hupotea.

Jedwali la saizi linaweza kuwa la mwili au la nguo, na viwanda vingi havisemi wazi. Jedwali la mwili likisema M ni kifua cha sentimita 94 hadi 98, maana yake mtu wa kifua hicho avae M. Jedwali la nguo linapima jezi iliyolazwa mezani, kwapa hadi kwapa, na huenda likaandika 45. Ukizidisha mara mbili unapata 90, na mwenye kifua cha 96 ataogopa, aagize L au XL. Akifanya hivyo atapata jezi inayopepea kwenye upepo, kwa kuwa kitambaa kinachovutika hushonwa kidogo kuliko mwili kwa makusudi. Uliza kiwanda kwa maandishi: haya ni ya mwili au ya nguo? Uliza pia kama mkato ni wa mashindano au wa kawaida. Mkato wa mashindano hubana mabega na kuvuta kifuani ukiwa umesimama wima, halafu unakaa sawasawa ukishika usukani. Mtu akijaribu jezi asimame mbele ya kioo sekunde chache tu, kisha apande baiskeli ashike sehemu ya chini ya usukani.

Usikubali wanachama wakutumie herufi kwenye kundi la WhatsApp. "Mimi ni L" si kipimo. Chukua futi ya fundi, mpime kila mmoja kifua chini ya makwapa, tumbo kwenye kitovu na nyonga. Kwa mwenye tumbo lililozidi kifua, saizi ifuate tumbo, la sivyo lastiki ya chini itapanda kila akikanyaga. Wanawake waulizwe wanataka mkato gani, kwani wa kike ni mwembamba kiunoni na mpana nyonga, na jezi ya kiume ya S haichukui nafasi yake. Kiwanda kikiwa na seti ya jezi za kujaribia, iombe hata kama kuna dhamana ya kuweka. Gharama ya kuisafirisha ni ndogo kuliko jezi sita ambazo hakuna anayezitaka.

Kwenye mchoro, anza na zipu. Jezi nyingi za sasa zina zipu ndefu hadi chini, na neno lolote linalovuka kifua litagawanywa. Hata fundi hodari hukosea milimita mbili tatu, na herufi ndogo huonekana zimevunjika. Weka nembo moja kifua cha kulia na nyingine cha kushoto. Kama mdhamini mkuu lazima avuke, maandishi yake yawe makubwa na zipu ipite katikati ya herufi mbili. Mgongoni, nembo kuu ikae sehemu ya juu, kabla mifuko haijaanza. Iliyochapwa kwenye mifuko yenyewe itapinda mara tu tyubu, pampu na ndizi zikiingia. Acha walau sentimita 3 kati ya nembo na mshono wowote, na rangi ya chini iendelee sentimita 1 au 2 nje ya mstari wa kukata ili weupe usichungulie. Makwapani usiweke kitu.

Michirizi ya mlalo inayotoka kifuani, ikapita ubavuni na kuzunguka mgongo, inapendeza sana kwenye skrini. Viwandani ni shida, kwa sababu vipande hukuzwa na kupunguzwa kulingana na saizi, na mchirizi uliokutana vizuri kwenye M unaweza kupishana kwenye XXL. Mchoro unaofifia taratibu, au ubavu wa rangi moja, husamehe tofauti hiyo. Uliza vilevile kama nembo hubaki na ukubwa uleule kwa saizi zote. Ikiwa inabaki, XS itakuwa na nembo iliyoingia kwapani.

Njia rahisi ya kujua ukubwa wa nembo ni kuichapa kwenye karatasi ya A4 kwa vipimo vyake halisi, kuikata, kuibana kwa pini kwenye jezi ya zamani, na mtu aipande baiskeli. Simama hatua kumi nyuma yake. Utagundua kwamba wadhamini tisa mgongoni hawasomeki, na kwamba watatu wanatosha. Ni heri kumweleza mdhamini hilo kabla kuliko baada.

Nembo zenyewe ziombe kwa baruapepe kama faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali: PDF, AI, EPS au SVG. Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa, na kingo zake zitatoka na ukungu. Kuna wanaochukua JPG na kuiweka ndani ya PDF, kwa hiyo usiamini jina la faili. Likuze mara nane, na kingo zikibaki kali basi ni vekta. Maandishi yote yageuzwe kuwa maumbo, maana kiwanda kisichokuwa na fonti yako kitaweka yake. Mdhamini asiyekuwa na vekta kabisa atoe PNG ya nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi. Nembo ya upana wa sentimita 20 inahitaji takriban pikseli 2,360.

Rangi usiziidhinishe kwenye simu. Simu inatoa mwanga, kitambaa kinaurudisha. Taja namba za Pantone, mfumo wa namba za rangi unaotumiwa na wachapaji, lakini omba pia kipande cha kitambaa kilekile kilichochapwa rangi mbalimbali, uchague humo. Namba ileile hutoka tofauti kwenye kitambaa laini na kwenye nyavunyavu, na ubavu ukaonekana umepauka. Rangi zinazong'aa kama taa zinahitaji wino wake, si kila kiwanda kinao. Nyeupe haichapwi, ni kitambaa chenyewe kilichoachwa wazi.

Kwa barabara zetu ningependa mgongo uwe wa rangi kali kuliko mbele, kwani daladala na malori hukujia kutoka nyuma. Ongeza utepe wa kuakisi mwanga chini ya mifuko kwa wanaotoka alfajiri. Nyeupe tupu inaonyesha mwili ikilowa jasho, na vumbi jekundu la Iten au la barabara za nje ya Arusha haliiachi hata ukifua vipi. Kitambaa chepesi mno nacho hupitisha jua: utarudi na mgongo ulioungua ndani ya jezi.

Kaptura ina sheria yake. Kitambaa chake kina spandeksi nyingi, yaani nyuzi zinazovutika, na weusi uliochapwa juu ya weupe hufunguka mapajani na makalioni kitambaa kikivutika. Dai kitambaa kilichotiwa rangi nyeusi kiwandani kwa sehemu yote ya kukalia, na uchapaji ubaki ubavuni na kwenye mkanda wa paja. Kaptura yenye rangi isiyokoza sehemu ya kukalia isiagizwe, hata mchoraji akisisitiza. Pedi, ile sponji ya kukalia inayoshonewa ndani ya kaptura, usiichague kwa unene. Sponji nene na laini hulala baada ya saa moja, ilhali iliyoshikamana hubeba uzito safari nzima.

Kuna michirizi ambayo klabu haipaswi kuitumia: bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani kwa mpangilio huo. Ni ya bingwa wa dunia chini ya shirikisho la kimataifa, UCI, na Afrika Mashariki iliiona kwa karibu Kigali mwezi Septemba 2025. Jezi zenye bendera ya taifa kifua kizima nazo huweza kugongana na ya bingwa wa taifa. Kama klabu inashindana, muulize kwanza mtu wa chama cha baiskeli cha nchi yako.

Kuhusu fedha, kusanya malipo kamili kabla ya kuagiza. Anayeahidi kulipa jezi zikifika ataikuta imekuwa ndogo. Viwanda vingi huanzia jezi 5 au 10 kwa mchoro mmoja, na bei hushuka kadiri oda inavyokua. Uliza kama jezi za kike, za mikono mirefu na kaptura zinahesabiwa pamoja. Ongeza mbili tatu za M na L kwa wanachama wapya, kwa sababu oda ya pili ya jezi moja pengine haitakubaliwa.

Ukiagiza nje, bei ya kiwanda si bei ya jezi. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliweka nguo katika kiwango cha 35% kuanzia Julai 2022, na hesabu yake inajumuisha mzigo, usafiri na bima. Tuseme jumla hiyo ni dola 1,000. Ushuru ni 350. Kodi ya ongezeko la thamani, 18% kwa Tanzania Bara, inatozwa juu ya 1,350, yaani 243. Umefika 1,593 kabla ya tozo nyingine ndogo na ada ya wakala. Gawa kwa idadi ya jezi ndipo utangaze bei kwa wanachama. Muulize muuzaji kama bei yake ya kufikisha mlangoni inajumuisha kodi au inaishia uwanja wa ndege.

Anza miezi mitatu kabla ya mashindano. Mchoro na marekebisho hula wiki mbili, uzalishaji wiki tatu hadi tano, usafiri wa ndege na forodha wiki mbili nyingine, na jezi moja ya mfano huongeza wiki mbili au tatu. Ilipie hiyo ya mfano kama oda ni kubwa. Viwanda vya China hufungwa kwa mwaka mpya wao, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, na foleni hubaki wiki kadhaa baadaye.

Idhini ya mwisho itolewe na mtu mmoja, kwa maandishi, baada ya wengine wawili kusoma kila neno: tahajia ya majina, namba za simu za wadhamini, orodha ya saizi dhidi ya orodha ya majina. Omba kuona vipande vikiwa bapa. Baada ya hapo orodha imefungwa, hata kwa mwenyekiti.

Mzigo ukifika, zihesabu siku hiyohiyo, pima kifua cha jezi moja ya kila saizi, fungua na funga kila zipu. Picha ya kasoro piga kabla jezi haijafuliwa, maana iliyofuliwa haipokelewi. Wape wanachama maelezo ya ufuaji: maji baridi, upande wa ndani nje, bila jiki, bila dawa ya kulainisha nguo, bila pasi, ianikwe kivulini. Glavu zenye vekro zisifuliwe nazo, zinang'oa nyuzi. Jezi moja ibaki kabatini bila kuvaliwa, pamoja na faili za mchoro, namba za rangi na jina la kitambaa. Oda ya mwakani italinganishwa na hiyo.