BSA yenye uzi wa Nottingham: kikombe kimeingia

Kimeingia! Kikombe cha kushoto cha ekseli ya krenki, yaani bakuli la chuma lenye uzi linaloshika gololi, kimezunguka kwa vidole vitupu mpaka uzi wa mwisho, bila spana na bila kulazimishwa. Mradi mzima ulikuwa umekwama hapo, na chanzo chake ni kuamini jina lililoandikwa mbele ya fremu.

Baiskeli yenyewe ni ya breki za fimbo, ringi 28 × 1½, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nembo ya kichwani ni bunduki tatu zilizoegemezana, na sahani ya mbele ya mnyororo imekatwa herufi B, S, A. Kwa alama hizo mbili ungeapa kwamba ni kazi ya kiwanda cha BSA cha Small Heath, Birmingham. Tena uzi wa nyuzi 24 kwa inchi unaotumika kwenye bomba la krenki karibu dunia nzima mafundi wengi huuita uzi wa BSA. Kwa hiyo vikombe vipya vilivyonunuliwa dukani vilikuwa vya 24, na hakuna aliyeona haja ya kupima.

Kikombe kipya kilizunguka mara mbili na nusu kikagoma. Bomba likasafishwa kwa mafuta ya taa na brashi, kikarudishwa, kikagoma palepale. Kugoma palepale kila mara ndiyo dalili ya kuangalia. Uchafu hukwamisha popote, lakini nyuzi zisizolingana hukwamisha sehemu ileile. Wengi hapo huongeza mafuta na kuleta spana ndefu. Usifanye hivyo: kikombe ni chuma kigumu, bomba la fremu ni laini, na kikilazimishwa kinakata nyuzi mpya juu ya zile za zamani. Fremu imekwisha.

Kalipa haikusaidia. Uzi wa kawaida una kipenyo cha inchi 1.37, yaani milimita 34.8. Ule mwingine wa Raleigh, kiwanda cha baiskeli cha Nottingham, Uingereza, ni inchi 1⅜, milimita 34.9. Kwenye chuma kilichokula kutu miaka sitini, tofauti ya kumi moja ya milimita haionekani. Kinachotenganisha ni idadi ya nyuzi: 24 au 26 kwa inchi.

Kipima nyuzi cha inchi hakikupatikana, kwa hiyo ikatumika bledi ya msumeno wa chuma. Bledi nyingi za madukani zimeandikwa ubavuni 18, 24 au 32, na hayo ndiyo meno kwa inchi. Chukua ya 24, ilaze juu ya nyuzi za kikombe cha zamani, kile cha kushoto kinachorekebishwa maana ndicho chenye nyuzi ndefu, kisha inua vyote viwili mbele ya taa. Kama uzi ni wa 24, kila jino linakaa kwenye bonde lake toka mwanzo hadi mwisho. Huku jino la kwanza lilikaa vizuri, la nne likaanza kupanda ukuta, la saba likawa juu kabisa ya kilima, la kumi na tatu likakaa tena bondeni. Hatua 12 za meno, hatua 13 za nyuzi. Hiyo ni 26 kwa inchi, bila ubishi. Kwa kazi hii bledi ni bora kuliko kalipa yoyote ya skrini, kwa sababu inakuonyesha kosa likikua mbele ya macho.

Upana wa bomba ukathibitisha: milimita 71, wakati bomba la kawaida la Kiingereza ni 68. Raleigh walitumia 71 au 76 pamoja na uzi wao wa 26.

Basi BSA hii ilichomelewa Nottingham. Raleigh waliinunua biashara ya baiskeli ya BSA mwaka 1957, na baada ya hapo jina likawa linabandikwa kwenye fremu za Raleigh, kama walivyokwisha kufanya kwa Humber (1932) na Rudge (1943). Nembo imeng'olewa ikachunguzwa nyuma: hakuna matundu mengine ya ribiti, kwa hiyo haikuhamishwa kutoka baiskeli nyingine. Mabega ya uma nayo yana vile vikofia viwili vya mviringo vya Raleigh, vinavyoonekana ukisimama mbele hatua tatu.

Sahani ya herufi haithibitishi kitu. Inashikwa na kota pini, kabari ya chuma inayofunga krenki kwenye ekseli, na kota pini hutoka kwa nyundo tatu. Sahani yenye vichwa vya korongo ni ya Raleigh, yenye mkono ni ya Rudge, yenye vijitu vilivyosimama ni ya Humber, lakini zote zimekuwa zikihamahama kwenye vibanda vya mafundi. Anza na kile kisichoweza kuhamishwa: uzi wa bomba, mabega ya uma, masikio ya nyuma.

Habu ya nyuma ni ya gia tatu, Sturmey-Archer AW, imegongwa 59 4, yaani Aprili 1959. Inapatana na hadithi, ingawa gurudumu nalo huhama. Kumbuka pia kwamba BSA walitengeneza habu zao za gia tatu kwa leseni ya Sturmey-Archer. Ukikuta ganda limeandikwa BSA, usiagize vipuri vya AW kabla ya kulifungua.

Kusoma alama hizi: brashi ya shaba, kamwe si msasa. Herufi kwenye kromu hazina kina, na msasa wa dakika moja unafuta mwaka. Loweka kwa mafuta ya taa usiku kucha, futa, sugulia chaki nyeupe, pangusa kwa kidole. Chaki inabaki ndani ya herufi. Halafu weka karatasi nyembamba na upitishe penseli laini kwa ubavu. Nakala ya "MADE IN ENGLAND" kwenye ganda la habu imetoka safi kuliko picha yoyote ya simu.

Mpango ulikuwa kunyoosha fimbo za breki wiki hii. Umeahirishwa, kwa sababu nakala za penseli zimefungua mlango mwingine: vichwa vya bolti. Bolti za asili ni robo inchi, nyuzi 26, na zile za milimita 6 (M6) zina nafasi ya milimita 1 kati ya uzi na uzi, karibu sawa na milimita 0.977 za nyuzi 26 kwa inchi. Ndiyo maana bolti ya M6 inaingia kwenye nati ya zamani kana kwamba ni yake, inacheza kidogo, kisha barabara ya vumbi inailegeza mpaka inadondoka. Kati ya bolti 14 za madigadi na keria, 9 ni za M6. Zote zinatoka, na kila ya asili inanakiliwa kichwa kabla ya kurudishwa.

Kuhusu kikombe: kilichoingia ni cha mtumba, kutoka kwenye fremu ya Raleigh iliyokatika, njia yake ya gololi ikiwa bado inang'aa. Kikombe cha kulia hakikutolewa. Ukikichunguza kwa tochi hakina vishimo, na kukitoa bila sababu ni kutafuta kuharibu bapa zake. Gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, zimekaa kwenye grisi. Ekseli inazunguka bila kukwaruza.

Kota pini za milimita 9.5 ndizo zinazofuata. Ya kushoto ina alama upande wa bapa, herufi mbili, na ya kwanza ni R.