Nilivyosafisha masizi kwenye hita ya gesi

Hapa kwetu Arusha maji ya kuoga tunayapasha kwa hita ya gesi iliyofungwa ukuta wa nje, nyuma ya bafu. Ukifungua bomba inawaka yenyewe, ukifunga inazima. Mwezi wa sita, baridi ikiwa ndiyo imekolea, maji yakaanza kutoka vuguvugu tu, na mtungi ukawa unaisha upesi. Nikachungulia kwenye kidirisha: moto ulikuwa wa njano, mrefu, unayumbayumba. Ukuta juu ya tundu la moshi ulishaanza kuwa mweusi.

Fundi wa kwanza aliangalia kidogo, akasema, "Mama, hapa gesi haina nguvu. Tuweke regyuleta ya presha kubwa."

Nikamwambia, "Asante kaka, hiyo hapana." Moto wa njano wenye masizi haujakosa gesi, umekosa hewa. Ujazo mmoja wa propani, moja ya gesi za mtungini, unahitaji kama ujazo 24 wa hewa ili uungue wote. Ukiongeza gesi bila hewa umeongeza masizi, na pamoja nayo monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu na inaua. Tukaizima, tukarudi kuchemsha maji kwa sufuria.

Nilimpata kijana anayetengeneza majiko na hita, tukaifungua pamoja. Alifunga mtungi, akafunga maji, akatoa betri, akapiga picha nyaya zote kwa simu kabla hajagusa kitu. Juu ya moto ndipo inapokaa rejeta ya shaba: bomba la maji limepita katikati ya mapezi membamba yaliyobanana kama kurasa za daftari. Nafasi kati ya mapezi ilikuwa imejaa masizi laini, meusi ti. Masizi hayapitishi joto vizuri, kwa hiyo joto lilikuwa linatoka na moshi badala ya kuingia kwenye maji. Tena moshi ukikosa njia juu, hewa safi nayo haivutiki kutoka chini. Moto unazidi kuwa wa njano, na masizi yanazidi kujaa.

Rejeta tuliing'oa kabisa. Brashi ya waya kijana hakutaka hata kuiona, maana mapezi hupinda kirahisi, na yakishapinda yameziba njia yenyewe. Nilivaa barakoa, nikatandika magazeti, nikaanza na brashi ya rangi iliyochakaa, kavu. Kisha tukailoweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya vyombo, tukaisuuza kwa mpira wa bustani kutoka upande wa juu. Tulirudia hadi maji yakatoka safi, na nilipoiinua juani mwanga ukapenya kila mahali.

Lakini masizi yalikuwa yameletwa na kitu. Kila kichomeo kina mdomo kwa chini ambamo gesi huingia kwa kasi na kuvuta hewa. Ndani ya midomo ile mlikuwa na utando wa buibui, umeshikana na vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote! Tuliutoa kwa brashi ya kusafishia chupa za mtoto. Vitundu vya gesi vyenyewe alivipuliza kwa upepo tu. Wengi huchokonoa kwa pini, lakini pini hutanua tundu, gesi ikazidi hewa, mkaanza upya.

Tuliacha kila kitu kikauke, tukafunga na wosha mpya za mpira, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya gesi. Hakuna lililotoa mapovu. Hita ilipowaka, cheche za rangi ya machungwa zilirukaruka kidogo, vumbi lililobaki likiungua, kisha moto ukatulia: bluu, mfupi, umenyooka.

Nilimuuliza kama niweke wavu chini kuzuia buibui. Akakataa, kwa sababu wavu nao hushika vumbi na kuziba hewa. Akaniambia niwe nachungulia kidirishani mara kwa mara, na siku nitakayoona njano nisingoje ukuta uwe mweusi, nimpigie.