Ndege ilikuwa inatambaa tu

Watu wakisikia ajali ya ndege huuliza kwanza, "Ilianguka?" Haikuanguka. Tulikuwa tumeshatua salama na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwenye kiwanja cha murramu huku kaskazini mwa Uganda, tunatambaa kwenda kuegesha, mwendo wa mtu anayewahi swala.

Mimi ni fundi, kwetu Arua. Nilikaa kiti cha kulia. Kapteni alikuwa ameuvuta usukani hadi kifuani, kama inavyotakiwa kwenye ardhi mbaya, ili pua isibebe uzito. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imechimba mfereji ukingoni, na nyasi zikauficha. Gurudumu la mbele likazama. Nikasikia propela ikigonga chini kama panga kwenye jiwe, mara mbili, tatu, kisha kimya. Kapteni akafunga mafuta, akazima magneto zinazotoa cheche za injini. "Fundi, toka!"

Miguu mikubwa ya 172 ni chuma cha springi: ikipigwa hupanuka na kurudi. Mguu wa pua sivyo. Ni shokapu ya oili na hewa, uma wa kushika gurudumu, na vyote vimeshikizwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Asubuhi ile niliupima mwenyewe, shokapu na tairi vyote sawa. Uma ulikatika hata hivyo, na ncha za propela zikapinda.

Mwenye ndege akapiga simu: je, tukifunga propela nyingine si itaruka? Nilikataa. Propela ikigonga ardhi injini ikizunguka, kishindo huingia hadi kwenye krankshafti, mhimili mkuu wa injini, na ufa wake huuoni kwa macho. Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini, wanataka injini ifunguliwe na kukaguliwa. Nikamwambia, "Bosi, kwa saini yangu hii hairuki." Alinyamaza muda mrefu. Nilijua ni pesa nyingi, na nilimhurumia kweli.

Kilichoniuma zaidi ni mzee anayefyeka kiwanja kile, askari mstaafu. Alikuja akasimama kando ya pua iliyolala.

"Mwanangu, alfajiri niliweka kijiti pale, na kitambaa chekundu. Watoto wamekichukua kuni."

"Pole, mzee. Si kosa lako."

Hakunijibu. Alikuwa anauangalia mfereji.

Siku hizi kwenye kiwanja nisichokijua naomba tusimame katikati ya njia, injini izimwe, nishuke nikatembee kwanza hadi pa kuegesha. Na mzee nilimpelekea debe la rangi nyeupe, apake mawe.