Nilivyosimulia hadithi ya Fionn kisiwani Cape Clear kwa vidole vitano

Huu mwaka wa sita niko Cork, kusini mwa Ireland, na kila Septemba ikikaribia nasikia watu kazini wanaongelea kisiwa cha Cape Clear, wenyewe kwa Kiairishi wanakiita Oileán Chléire, kwamba mwanzoni mwa mwezi watu wanajazana kule wikendi nzima kusikiliza hadithi. Hadithi tu jamani, za kusimuliwa kwa mdomo. Tamasha lipo tangu 1994. Mimi nimelelewa Tanga na bibi yangu, na kwa bibi bila "Paukwa" hakuna kulala, kwa hiyo mwaka jana nikasema safari hii naenda, na siendi kukaa nyuma nisikilize, na mimi nitasimulia.

Shida ikaanza kwenye ushauri. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia chukua hadithi yao, iandike, ikariri neno kwa neno, maana Waairishi ukikosea neno moja tu watakusahihisha mbele za watu. Ushauri huu umenipotezea wiki tatu na mpaka leo unaniuma. Nilichagua hadithi ya Fionn, shujaa wa hadithi zao za kale, na samaki wa maarifa, ile ya samaki aina ya salmoni aliyekula njugu 9 za mti wa hazel zilizoanguka kisimani akapata ujuzi wote wa dunia. Mshairi mzee Finnéigeas akamvizia kando ya mto Boyne miaka 7, alipompata akampa kijana wake wa kazi, Deimne, ndilo jina la Fionn la utotoni, amchome, ila asionje hata kidogo. Nikaandika kurasa nne, nikazikariri kwenye basi, jikoni, mpaka bafuni.

Nikaenda kujaribu kwa rafiki yangu hapa hapa Cork, kulikuwa na watu kama kumi na watoto wao. Nilianza vizuri kabisa. Nikafika mahali mzee anamkataza kijana, neno moja likapotea, moja tu, na kwa sababu kila neno lilikuwa limeshikana na la mbele yake basi zote zikaondoka kwa mpigo. Nikarudi mwanzo wa sentensi, wapi. Nikarudi mwanzo wa ukurasa, wapi. Watoto wakaanza kuinuka mmoja mmoja, yule mdogo kabisa akabaki akaniuliza, "Anti, samaki aliliwa?" Nikashindwa hata kumjibu, na jibu nalijua tangu siku ya kwanza. Usiku ule nililia kwa kweli.

Aliyeniokoa ni marehemu bibi. Kesho yake nilikuwa nabanika samaki, ngozi ikaanza kuvimba lengelenge, na mimi bila kufikiri nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikaungua, kidole mdomoni! Nikasimama pale pale. Ndiyo hadithi yenyewe hiyo! Deimne aliona lengelenge kwenye ngozi ya samaki, akalibonyeza, akaungua, akatia kidole mdomoni, maarifa yote yakamwingia yeye. Na bibi alikuwa akitusimulia huku anahesabu vidole. Basi karatasi nikazichana, nikaipanga hadithi kwenye mkono mmoja. Kidole cha mwisho, kidogo, ndio njugu 9. Cha pete ni mzee aliyefungwa na ule mto miaka 7 kama mtu na ndoa yake. Cha kati, kirefu, ni kijana Deimne anatokea. Cha shahada ndicho cha kukatazia, "usionje!" Na gumba ni moto. Maneno ya katikati sikuyashika hata moja, yalikuwa yanakuja yenyewe kila mara tofauti. Nilifanya mazoezi kila nikibanika samaki, nadhani wiki ile tulikula samaki siku nne.

Kwenda ni rahisi, basi mpaka kijiji cha Baltimore, hapa hapa Ireland, halafu boti, kama dakika 45 hivi, na kukiwa kweupe unauona mnara wa taa wa Fastnet umesimama peke yake baharini. Beba begi la mgongoni, siyo sanduku la magurudumu, maana ukitoka gatini ni mlima moja kwa moja. Kila kitu na chakula na kitanda cha hosteli, sijui, mia na hamsini na kitu za euro, sikuandika.

Jumamosi mchana nikasikiliza wasimulizi wawili, na wote kwa bahati wakagusia habari za Fionn, mmoja hivi mwingine vile, na hakuna aliyemsahihisha mtu! Kumbe wenyewe ndivyo walivyo. Ukiingia kwenye tovuti ya dúchas, ile ya kumbukumbu za hadithi za jadi za Ireland, utaona hadithi ambazo watoto wa shule waliandika 1937 mpaka 1939 kutoka kwa wazee wao, hadithi ile ile kijiji hiki hivi kijiji kile vile. Ningejua mapema.

Usiku kwenye kikao cha kubadilishana hadithi nikainua mkono. Watu kama thelathini, mvua inapiga dirishani. Nikawaambia kwenu mnaanza na "fadó, fadó", zamani za kale, kwetu mimi nasema Paukwa na nyie mnajibu Pakawa. Mara ya kwanza walijibu kwa aibu, mara ya tatu chumba kilitikisika. Nikakunja kidole cha mwisho nikaanza. Nilipofika kwenye lengelenge sikusema kitu, nilinyanyua gumba tu nikanyamaza, na mama mmoja mtu mzima mbele yangu akatia cha kwake mdomoni kabla yangu. Wallahi nilisisimka mwili mzima.

Baadaye mzee mmoja wa pale kisiwani akanishika mkono, akaniambia bibi yake naye alikuwa anaisimulia, ila yeye hakuwa anafika haraka kwenye moto, alikuwa anakaa sana kwenye ile miaka 7 ya kungoja. Halafu akanisimulia yeye, pale pale mlangoni, na mimi nikasikiliza mpaka mwisho.

Jumapili boti inaondoka nikasikia sauti kutoka gatini, "Paukwa!" Ni yeye, na kofia yake mkononi. Boti nusu nzima ikajibu.

Mwaka huu kitanda nimeshalipia tangu Machi, na wewe ukitaka usingoje Agosti, kisiwa ni kidogo na vitanda vinaisha. Sasa niko na hadithi nyingine yao ya kale, Watoto wa Lir, wale wanne waliogeuzwa mabata maji miaka 900. Hao nimewaweka kwenye kidole kimoja tu, cha shahada, kina pingili tatu: miaka 300 ziwa Derravaragh, 300 bahari ya Moyle kwenye baridi kali, 300 kisiwa cha Inis Gluaire. Pingili ya katikati ndiyo bado inanisumbua, kila nikifika kwenye ile baridi, dada mkubwa anavyowafunika wadogo zake kwa mabawa, sauti inanikatika.