Nani kakwambia?

Ijumaa usiku, watoto wamelala.

Wiki hii barua ya uhamisho wa Baba Nasra imetoka, ni Dodoma kweli, mdogo wangu ameletewa posa, na ofisini tumefunga hesabu. Yote hayo yamepita. Kilichoning'ang'ania ni maneno mawili ya Mama.

Jumapili nilimpigia Muheza kama kawaida. Mtakumbuka mama mdogo alipokuja kwangu mwezi uliopita, akanikuta saa nne usiku nachemsha mchaichai, akasema, "Umemrithi dada. Naye roho ikimwenda mbio alikuwa hivyo hivyo, pale barazani." Nilikaa na kauli hiyo wiki tatu. Basi Jumapili, baada ya shikamoo na habari za mvua, nikauliza.

"Mama, ule mchaichai wako wa usiku, ulikuwa wa kutuliza roho?"

Nikasikia redio inapunguzwa sauti.

"Nani kakwambia?"

"Mama mdogo."

"Mama yako mdogo alikuwa mtoto, anajua nini." Kisha akaniuliza gunia la mkaa huku Dar limefika bei gani.

Nani kakwambia. Jumatatu ndani ya daladala niliyasikia kama karipio. Jumanne yakawa sauti ya mtu aliyeguswa kidonda. Jumatano nikadhani nimemgombanisha na mdogo wake uzeeni, nikashindwa kula. Maana hakusema "hapana." Hakusema "maneno gani hayo." Aliuliza nani.

Sisi watoto tuliamini ule mchaichai ulikuwa wa shida. Baba alikuwa amesimamishwa kazi shamba la mkonge, na majani ya chai tulinunua kwa pakiti ndogo kabisa. Tukajua Mama anatubakishia sisi chai, yeye anakunywa nyasi. Alikuwa akichuma kwenye kile kichaka nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapopita, na anarudi vidole vina mikwaruzo, kwa kuwa majani ya mchaichai yanakata kama wembe. Anayakunja pamoja, anayafunga fundo moja kubwa, anatumbukiza sufuriani. Halafu anakaa barazani peke yake, kikombe mikono miwili, hata joto la Februari. Nilikuwa namwonea huruma kwa kukosa sukari. Miaka yote hiyo nilimwonea huruma isiyokuwa yake.

Wale mlioniuliza vidonge alivyoniletea wifi kutoka Leicester: sijavimeza. Ni vya ule mmea wa maua ya njano, St. John's wort, ambao Ulaya hutumiwa na watu wenye huzuni. Nilimpelekea mfamasia wa hapa mtaani kichupa chenyewe, naye swali lake la kwanza likawa natumia dawa gani nyingine. Nikamwambia vya uzazi wa mpango. Akanieleza kwamba mmea huo unalifanya ini liharakishe kuzivunja dawa nyingine mwilini, kwa hiyo vidonge vya uzazi vinaweza kushindwa kazi, na hivyo hivyo ARV na dawa za kuzuia damu kuganda. Wifi alinipa kwa mapenzi, na kwenye kichupa imeandikwa "asili." Neno hilo linatufanya tuache kuuliza, na hilo linanitia hofu kuliko vidonge vyenyewe.

Na ule unga wa Kariakoo, "dawa ya mawazo, presha na nguvu," niliurudisha palepale mezani kwa muuzaji. Haukuwa na jina la mti hata mmoja wala namba ya usajili. Tangu sheria ya mwaka 2002 tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Muhimbili wana taasisi nzima inayochunguza miti shamba yetu. Mganga anayeiheshimu kazi yake hawezi kuchukia kuulizwa ameweka nini. Mama anameza dawa ya presha kila asubuhi, siwezi kumpelekea unga nisioujua.

Mimi mwenyewe nilianza hospitali, na ninawasihi nanyi mwanzie huko. Moyo kwenda mbio unaweza kuwa tezi ya shingo au upungufu wa damu. Nilipimwa vyote viwili, nikaambiwa ni wasiwasi, na sasa naenda kuzungumza na mshauri kila baada ya wiki mbili. Mchaichai ni wa usiku tu, baada ya hayo yote. Nimeshasoma kwamba watafiti wa Brazil waliwanywesha watu chai yake, wakatoa matokeo mwaka 1986, na hawakuona iwaletee usingizi wala iwapunguzie wasiwasi. Nimesoma, nimeelewa, na bado nachemsha. Ile harufu ikipanda, mabega yangu yanashuka. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Jana usiku Nasra alikuja jikoni kutafuta maji. "Mama, hiyo ya nini?"

"Ya kikohozi," nikamjibu.

Sina kikohozi. Mtoto ana miaka kumi na miwili, ananisikia nikiamka usiku, na siku moja mtu atamwambia. Nilibaki nimeshika mwiko, na yale maneno mawili ya Mama yakanitoka kinywani kwa sauti yangu mwenyewe. Hasira yote niliyoibeba tangu Jumatatu ikaisha hapo, nikalia kidogo, nikamwita Nasra arudi. Nilimwambia ni ya kunituliza. Akaomba anywe na yeye, tukagawana.

Leo baada ya isha simu ikalia: Mama. Mama ambaye hapigi, yeye hubipu tu.

"Unachemsha muda gani?"

"Dakika kumi hivi, Mama."

"Nyingi. Ukichemka tu, epua, funika. Usipofunika harufu yote inakwenda na mvuke." Akakohoa. "Mimi nilikuwa natia na iliki mbili."

"Nilikuwa natia," kasema mwenyewe. Nikajibu, "Sawa Mama," kwa kuwa niliogopa neno lolote la ziada lingemrudisha ndani. Akanitakia usiku mwema, akakata, na mimi nimekaa hapa na simu mapajani kama mtu aliyepewa mtoto amshike. Iliki ninazo, za Amani, alizileta mama mdogo mwenyewe.

Lakini tangu alasiri maji ya bomba yanatoka na rangi ya kutu. Nimejaza ndoo mbili na chini kumetuama kama udongo. Mashati ya shule ni meupe, kesho ndiyo siku ya kufua, na tangi limebaki robo.