Fremu ya 388

"Baba, mbona jahazi limekwama hapa?"

Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, na nilijua anazungumzia nini kabla sijageuka. Swali hilo nimelingoja miaka. Nilidhani litaletwa na mtu mzima mwenye tai na faili kwapani, kumbe limekuja na mtoto wa miaka 9 aliyevaa soksi moja.

Binamu yake ndiye aliyelipata tangazo lenye jahazi hilo. Kuna mtu, sijui ni nani, anayekusanya matangazo ya zamani ya televisheni, ya sabuni, ya unga, ya betri, na kuyapandisha mtandaoni, na mle ndani nami nimo bila jina. Tangazo la mafuta ya kupikia, 2011. Usiniulize jahazi linahusiana vipi na mafuta ya kupikia. Mteja alitaka jahazi, akapewa jahazi: sekunde 30, kamera inalizunguka kutoka omo mpaka tezi bila kukata hata mara moja, tanga limejaa upepo, bahari inapasuka mbavuni. Mamangu alipoliona alinipigia kutoka Mombasa. "Jahazi zuri, mwanangu, lakini nani analiendesha?" Hatukuwa na bajeti ya binadamu.

Mimi jahazi sikulichora. Wale mnaonijua mnajua siwezi kuchora hata kikombe. Kazi yangu ilikuwa ile isiyoonekana: kuandika programu ndogondogo za kuunganisha hiki na kile, kugawa kazi kwa mashine, na kuyafanya maji yawe maji. Kwenye kadi walinipa cheo cha mkurugenzi wa ufundi, ingawa sikumwongoza mtu yeyote isipokuwa kompyuta 11 zilizokuwa zikinguruma kwenye chumba cha nyuma, Ngong Road, ghorofa ya tatu, madirisha wazi usiku kucha kwa sababu ya joto.

Televisheni yetu inakwenda fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana upesi mpaka jicho lione mwendo. Sekunde 30 ni fremu 750, na kila fremu ilikula kama dakika 28 za mashine moja. Ukigawa kwa mashine 11, ni saa 32 mfululizo, Mungu akipenda na stima ikipenda.

Sasa, kurenda, yaani kuiachia kompyuta igeuze hesabu zake kuwa picha kamili, si tatizo kubwa. Kurenda ni kama kuchoma mishikaki: ukiwa na majiko kumi na moja unachoma kumi na mmoja kwa pamoja, na ukiungua mmoja mwenzake hana habari. Maji siyo hivyo. Maji ya fremu ya 388 yanazaliwa na maji ya 387, nayo na ya 386, hivyo hivyo mpaka ya kwanza. Hakuna njia ya mkato. Bahari yetu ilichukua saa 19 kukokotolewa kwenye mashine moja, fremu moja baada ya nyingine, na matokeo yake ni mafaili 750, faili moja kwa kila fremu. Nilihifadhi umbo la maji tu, sikuhifadhi mwendo wake, maana mwendo ungekula diski mara mbili, na diski yangu ilikuwa imejaa tayari. Weka hilo akilini.

Jumatatu magharibi nikaanza kuyahamisha mafaili yale kutoka mashine yangu kwenda kwenye seva ili kazi ya kurenda ianze. Kuyahamisha, si kuyanakili. Nilihitaji nafasi. Katikati ya kazi stima ikapepesa, sekunde mbili hivi, hata muadhini wa msikiti wa jirani hakukatizwa. Mashine yangu ilikuwa na UPS nzima, ile betri ya kushikilia stima ikikatika. Ya seva ilikuwa na betri iliyovimba tangu Januari, nami ndiye niliyekuwa nikisema tutainunua wiki ijayo. Seva ikazima, ikawaka, uhamishaji ukaendelea kutoka 389. Nikashukuru. Nikaenda kula.

Kile ambacho sikukifikiria ni kwamba seva huwa na tabia ya kuitikia "nimepokea" kabla haijaandika chochote kwenye diski, kama mtu anayekujibu "nimesikia" huku yuko usingizini. Ilisema imepokea 388. Mashine yangu ikaamini, ikaifuta ya kwake.

Niligundua Jumatano saa kumi alfajiri. Foleni ilikuwa imekwisha, fremu 749 zimetoka, na moja ilikuwa na alama nyekundu. Imejaribiwa mara sita, imekataa mara sita. Nikafungua kabrasha la maji. Mafaili yote yalikuwa na megabaiti mia na kitu. Ile moja ilikuwa na sufuri.

Kaseti za vituo zilitakiwa ziondoke saa tatu asubuhi. Kuyakokotoa maji upya kutoka fremu ya kwanza hadi ya 388 ni karibu saa kumi. Nikajaribu kuichanganya 387 na 389 nusu kwa nusu. Povu likatoka maradufu, kila tone na pacha wake. Nikajaribu ile programu inayokisia picha ya katikati kwa kufuata mwendo wa pikseli. Jahazi lilikubali. Tanga lilikubali. Lakini rasharasha za maji zilivutika kama ulimbo, kwa sababu tone lililoko huku halimo tena kule, na programu haijui tone lipi limekwenda wapi. Mwendo wa maji ndio ungeiambia, nao sikuuhifadhi. Adhana ya alfajiri ikanikuta hapo.

Nikaichukua 387, nikainakili, nikaibatiza 0388. Kabrasha likasema: mafaili 750.

Mhariri wetu alifika saa moja na nusu. Sitamtaja, kwetu alikuwa Mzee tu, na inatosha. Alianza kazi enzi za kukata filamu kwa wembe na kuiunganisha kwa utepe, na alikuwa na desturi moja tuliyokuwa tukiiiga akiwa hayupo: akitazama kazi, kidole chake cha shahada kinagongagonga mkono wa kiti, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi bila tasbihi. Watoto wa studio walisema anahesabu fremu. Hakuna binadamu anayehesabu fremu 25 kwa sekunde, nami nilijua hivyo, ila siku ile sikuwa na hakika.

Nikamwekea chai pembeni. Nikacheza.

Jahazi likaja. Omo ikapita, kidole kinagonga. Kamera ikaanza kupanda usawa wa foromali, kidole kinagonga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, sitazami bahari niliyoilea wiki tatu, natazama kidole cha mzee wa watu. Sekunde ya kumi na tatu. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano.

Kidole kikasimama.

Halafu kikaendelea. Tangazo likaisha, nembo ya mteja ikatokea, muziki ukafa.

"Rudisha."

"Mwanzo, Mzee?"

"Kumi na tano."

Nikarudisha. Fremu moja ni sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Ukipepesa jicho imepita na wenzake kadhaa. Kamera ingekuwa imetulia, hata malaika asingeona. Lakini kamera ilikuwa inazunguka, na kitu kinachozunguka kwa mwendo mmoja kikisita, jicho linajikwaa hata kama mwenye jicho hajui limejikwaa wapi. Kidole kikasimama tena pale pale.

Akanywa chai. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai yake, polepole, kioo cha kwanza, kioo cha pili.

"Stima ilikatika lini?"

"Jumatatu magharibi. Ilipepesa tu."

"Na fremu zote ziko?"

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Kulikuwa na pumzi moja, labda mbili. Jibu lilikuwa fupi na alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Ningesema, "Mzee, moja nimeipoteza, kosa langu," angeweza kukata kipande kidogo, kuingiza picha ya chupa ya mafuta pale katikati, tukamaliza kwa dakika ishirini. Nusu ya uhariri ni kuficha makosa ya watu kama mimi, na yeye alikuwa bingwa wake.

"Zote ziko," nikasema. "Mia saba na hamsini."

Na ilikuwa kweli. Ndicho kinachoniudhi. Ukihesabu, zilikuwa mia saba na hamsini.

Aligeuka akanitazama mimi, hakuitazama skrini. Akavaa miwani.

"Haya. Peleka."

Tangazo lilionyeshwa mwaka mzima. Hakuna aliyelalamika. Mteja alifurahi, tukapewa kazi nyingine, ya maziwa safari hii, nikahamia kampuni nyingine, nikaoa, na Mzee akastaafu akarudi shambani kwake. Kila sikukuu tunatumiana salamu. Mara mbili tatu nimeandika ujumbe mrefu nikaufuta, nikabakisha "heri ya sikukuu, Mzee wangu." Naye hujibu kwa kidole gumba.

Tangu siku ile sihamishi faili bila kulinganisha ukubwa wake pande zote mbili, na vijana ninaofanya nao kazi sasa huniona mtu wa wasiwasi. Nikiwaambia nunueni betri leo wanacheka. Sijawahi kuwaambia sababu. Wakati mwingine naona niliogopa kufukuzwa, wakati mwingine naona haikuwa hivyo, kwa sababu Mzee hajawahi kufukuzisha mtu. Labda sikutaka tu yule mzee ajue kwamba fundi wa maji hakuwa na maji ya 388.

Nikapunguza moto, nikapangusa mikono, nikakaa naye kwenye kochi. Nikamweleza. Nilidhani nitamwambia upepo ulipumzika kidogo, na kwa kweli nilikwisha fungua mdomo kusema hivyo, ila yeye alikuwa ameshairudisha video na kuisimamisha, kidole gumba juu ya kioo, anawinda. Kwenye simu si rahisi. Picha imebanwa, maji yamekuwa vipande vipande kama vigae. Akaikosa. Akaikosa tena. Mara ya nane au ya tisa akaidaka: jahazi, tanga, povu. Akasogeza mbele kidogo sana. Jahazi, tanga, povu, vile vile.

Alitazama kwa muda mrefu, sura imekaribia kioo.

"Sasa ya uongo ni gani," akauliza, "hii ama ile?"

Vitunguu vilikuwa vimeanza kuungua. Nikamwambia akatafute soksi yake ya pili.